Visima vya Kale vya Mbulu na Hanang': Kitangulie Chombo au Maarifa?

Penye maji ndipo watu hukaa, na watu wanapokaa ndipo vitu vyao hudondoka, huvunjika na kusahauliwa. Kanuni hii fupi inajulikana na kila atafutaye vitu vya kale ardhini, awe mtaalamu aliyesomea kazi hiyo au mtu wa kawaida aliyenunua chombo cha kutambua metali. Chombo hicho, ambacho wengi hukiita ditekta, kimekwisha kuzoeleka nchini miongoni mwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mwenye nacho hahitaji elimu kubwa ili kukitembeza kando ya chemchemi, kisima au kivuko cha mto badala ya kukitembeza machimboni.

Wilaya za Mbulu na Hanang', mkoani Manyara, zina maji mengi ya kale ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo jambo hili linafaa kuzungumzwa mapema, kabla mashimo hayajawa mengi. Kanuni ya kwamba vitu vya kale hupatikana penye maji ni ya kweli, na kwa kuwa ni ya kweli, mahali hapo hapafai kuachiwa chombo kitangulie. Yanayopaswa kutangulia ni maarifa: maarifa ya wazee wanaojua habari za kila kisima, na maarifa ya wataalamu wanaojua kuusoma udongo.

Kwa nini maji huvuta vitu

Nchi ya Mbulu na Hanang' imo katika eneo la Bonde la Ufa. Mlima Hanang', volkano iliyozimika yenye kimo cha mita zipatazo 3,400, hupokea mvua nyingi kuliko tambarare zinazouzunguka. Sehemu ya maji hayo hupenya katika majivu na mawe ya volkano, kisha hutokeza tena chini kama chemchemi. Upande wa Mbulu, Msitu wa Nou hufanya kazi kama hiyo kwa vijito vya nyanda za juu. Lakini si maji yote yanayonyweka. Ziwa Basotu, lililomo katika shimo la volkano, ni la maji baridi. Ziwa Balangida, lililo chini ya Mlima Hanang', ni la chumvi na magadi, na katika kiangazi kikali hukauka likabaki uwanda mweupe.

Kwa hiyo katika miezi ya kiangazi, tangu Juni hadi Oktoba, watu na mifugo hawakuwa na uhuru mkubwa wa kuchagua. Mdatoga aliyekuwa na ng'ombe alilazimika kurudi kwenye visima vilevile mwaka hadi mwaka, na Mwiraqw aliyelima miteremko ya Mbulu aliteka maji katika chemchemi ambayo bibi yake aliteka. Mahali padogo palikanyagwa na miguu mingi kwa vizazi vingi. Njuga ya ndama ilikatika, bangili ya shaba ililegea mkononi mwa mwanamke aliyeinama kuteka, ncha ya mshale ilibaki penye majani ambako mwindaji alimvizia mnyama ajaye kunywa.

Mhunzi naye alivutwa na maji. Anayeyeyusha mawe ya chuma huhitaji udongo wa mfinyanzi kwa ajili ya tanuri na mirija ya kupitishia hewa ya mivuo, huhitaji maji ya kuukanda udongo huo, na huhitaji miti ya kuchomea makaa. Vitu hivyo vitatu hukaribiana kandokando ya vijito. Miongoni mwa Wadatoga uhunzi ni kazi ya ukoo maalumu, Gidang'odiga, ambao hata leo hufua mikuki na kuyeyusha vipande vya shaba na aluminiamu kutengeneza mapambo.

Halafu zilikuja sarafu. Koloni la Kijerumani lilitumia rupia, na tangu mwaka 1904 likatumia pia heller, ambazo 100 zilifanya rupia moja. Sarafu ndogo kama hizo, baadhi zikiwa na tundu katikati, zilipita mikononi mwa wachukuzi, askari na wachuuzi waliopumzika penye maji. Haishangazi basi kwamba mtafutaji mwenye busara huanzia kwenye kisima.

Chombo husikia nini, na hakisikii nini

Ditekta haina uchawi. Katika kichwa chake mna duara la waya linalopitishwa umeme wa kugeukageuka, na umeme huo hutoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikutana na metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme. Mikondo hiyo nayo hutoa nguvu yake ya sumaku, ambayo waya wa pili huipokea. Kwa kupima ukubwa na kuchelewa kwa jibu hilo, chombo hukisia kama kilichomo ni chuma au ni metali nyingine.

Makisio hayo yana mipaka, na katika wilaya hizi mipaka ni myembamba kuliko watangazaji wa biashara wanavyosema. Kwanza, udongo uliotokana na mawe ya volkano huwa na chembe nyingi za madini ya chuma, nazo hutoa jibu lao wenyewe. Chombo hulia mahali pasipo na kitu, au hunyamaza juu ya kitu chenyewe. Pili, udongo wenye chumvi ukiwa na unyevu hupitisha umeme. Kwa hiyo kando ya Balangida na maziwa mengine ya magadi udongo mtupu huweza kujifanya metali. Tatu, kwa chombo cha kawaida, sarafu iliyofukiwa zaidi ya sentimita 30 aghalabu haisikiki, ilhali penye chemchemi tope hujaa mwaka hadi mwaka na vitu vya kale zaidi ndivyo vilivyo chini zaidi. Nne, chuma chembamba kilichokaa katika unyevu kwa karne kadhaa huweza kuwa kutu tupu. Kutu hiyo mtaalamu huitambua kwa rangi na umbo lake katika udongo, lakini chombo hupita juu yake kimya.

Matokeo yake ni kwamba chombo kisichoongozwa na ujuzi husikia vizuri takataka za karne hii, yaani vifuniko vya chupa, misumari, makopo na betri za redio, na husikia vibaya mambo ya kale yenyewe. Kila sauti huzaa shimo, na mashimo mengi hutoa kitu kisichofaa.

Habari za hazina ya Mjerumani

Katika mikoa mingi ya Tanzania husimuliwa kwamba Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma katika Vita vya Kwanza vya Dunia walifukia masanduku ya dhahabu chini ya miti mikubwa, penye mawe ya alama na karibu na maji. Masimulizi haya yana mzizi mmoja wa kweli, na mzizi huo hauko mbali na Mbulu. Mgodi wa Sekenke, huko Iramba, ulikuwa ukitoa dhahabu wakati wa Wajerumani. Mwaka 1916, koloni lilipokuwa limezingirwa na fedha kutoka Ulaya haziji, dhahabu ya Sekenke ilitumiwa mjini Tabora kutengeneza sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000, na leo baadhi zimo katika makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji wa sarafu.

Lakini sarafu hutengenezwa ili itumike. Serikali iliyokuwa ikikosa fedha ya kulipia mahitaji yake haikuwa na sababu ya kuifukia fedha hiyo kwenye visima vya wafugaji. Kuwapo kwa dhahabu ya Sekenke hakuthibitishi kuwapo kwa sanduku Basotu. Anayeacha shamba msimu mzima kuchimba penye chemchemi kwa sababu ya simulizi hiyo hupoteza mavuno yake kwanza, kisha huwaharibia wengine maji.

Kinachopotea pamoja na shimo

Inafaa kueleza kwa nini wataalamu wa mambo ya kale hulalamika hata pale mtafutaji anapopata kitu cha kweli. Kwao thamani ya kitu haimo katika kitu peke yake. Imo katika uhusiano wake na tabaka kilimolala. Ncha ya mkuki iliyo mezani ni chuma cha gramu kadhaa. Ncha hiyohiyo ikiwa imelala ardhini karibu na makaa ya jiko, mifupa ya ng'ombe na vigae vya chungu huweza kueleza ni nani aliyekaa hapo, alikula nini, na lini. Makaa hupimwa kwa njia ya kaboni 14 na kutoa umri. Mara jembe likipita katikati ya vitu hivyo, uhusiano umekatika, na hakuna maabara duniani inayoweza kuuunganisha tena.

Mfano mzuri wa jambo hili uko Tanzania. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alifanya utafiti katika Buhaya, mkoani Kagera. Hakuongozwa na chombo cha kutambua metali. Aliongozwa na wazee, ambao masimulizi yao yalitaja mti mtakatifu wa Kaiija, huko Katuruka, kuwa mahali pa ufuaji chuma wa kale sana. Alipochimba kwa utaratibu alikuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma, na makaa yake yakaonyesha umri wa karibu miaka 2,000. Kisha wazee waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuri tena na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Taarifa aliyoitoa pamoja na Donald Avery mwaka 1978 iliwashangaza wengi duniani, kwa kuwa ilionyesha kwamba mafundi wa Kiafrika walikuwa na ujuzi wa hali ya juu wa moto na hewa tangu zama hizo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ushahidi mkuu wa ugunduzi huo ulikuwa mavi ya chuma, vipande vya mirija ya udongo na makaa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mtafuta hazina angekiweka mfukoni. Mavi ya chuma huweza kukifanya chombo kilie, naye mwenye chombo huyatupa kando kwa hasira na kuendelea kuchimba. Kwa namna hiyo mtu mmoja, kwa asubuhi moja, huweza kufuta sura nzima ya historia ya uhunzi bila kujua kwamba amefanya jambo lolote.

Mfano wa pili umo jirani, huko Engaruka, kaskazini mwa Ziwa Manyara. Jamii ya wakulima iliyokaa hapo mamia ya miaka iliyopita ilijenga matuta ya mawe na mifereji iliyoyapeleka maji ya vijito katika mashamba yaliyoenea hekta zipatazo 2,000, kisha ikaondoka. Haikuacha maandishi. Yote yanayofahamika juu yake yamesomwa kwenye mawe, udongo na njia za maji zilizobaki mahali pake. Historia ya Mbulu na Hanang', ambako Wairaqw, Wadatoga na majirani zao wamekutana, wakabadilishana mali na kupigania malisho, nayo haikuandikwa ila kwa sehemu ndogo. Kurasa zake nyingine zimo penye maji.

Jicho la maji na sheria

Hasara ya pili haihusu mambo ya kale. Inahusu ndoo ya maji ya leo. Chemchemi nyingi hutokea pale maji yanayoteremka ndani ya mchanga au mawe yenye nyufa yanapokutana na tabaka la mfinyanzi lisilopenyeka, yakalazimika kutoka nje. Anayechimba kwenye jicho la chemchemi huweza kulitoboa tabaka hilo, na maji yakapata njia nyingine. Hata pale yasipopotea, shimo lililoachwa wazi hukusanya kinyesi cha mifugo na kukipeleka kwenye maji ya kunywa, na ng'ombe huvunjika mguu ndani yake.

Sheria haziko kimya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inakataza kuchimba kwa kutafuta mabaki ya kale bila leseni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuhatarisha hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka fukwe za maziwa, kingo za mito na mabwawa. Lakini sheria iliyowekwa kabatini wilayani hailindi chemchemi iliyo mwendo wa saa nne kwa miguu. Inayoweza kuilinda ni jamii inayoishi hapo.

Kisima kina wenyewe

Katika nchi ya Wadatoga kisima hujulikana kwa aliyekichimba na kwa ukoo wake. Kwa Wairaqw, chemchemi si mahali pa maji tu. Katika imani za jadi ni makao ya nguvu zinazostahili heshima. Tena, katika tambarare za Hanang' yamo makaburi ya heshima ya Wadatoga, bung'eda, ambayo hujengwa kwa udongo na miti katika sherehe ndefu za kumwenzi mzee aliyestahiki. Kwa mgeni mwenye chombo mkononi, kilima hicho kidogo cha udongo huonekana kuwa alama ya hazina. Kwa wenyewe ni baba yao.

Wananchi wa Hanang' wanajua maana ya kupotezewa alama za namna hiyo. Mashamba ya ngano ya shirika la NAFCO, yaliyoendelezwa kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970 na kufikia takriban ekari 100,000, yalichukua malisho bora ya Wabarbaig, na malalamiko yao makubwa yalikuwa kwamba matrekta yalipita juu ya makaburi ya wazee wao. Ngano ilivunwa, nayo ikaliwa, makaburi hayakurudi. Haitakuwa haki jamii hiyohiyo ione yaliyosalia yakichimbuliwa na watafutaji mmoja mmoja.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba vitu hivyo huharibika hata visipochimbwa: jembe hulima, mvua huchukua, kwato hukanyaga, afadhali kiokolewe kimoja kuliko vipotee vyote. Hoja hii haipaswi kudharauliwa. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang' yalishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80 na kuzika nyumba. Msiba huo ulionyesha kwa uchungu kwamba ardhi ya wilaya hizi hutembea. Kitu kilichopatikana katika mkondo wa kijito huweza kuwa kilitoka mbali juu mlimani, na chemchemi ya jana huweza kufunikwa kwa usiku mmoja.

Pia ni kweli kwamba ditekta yenyewe si adui wa elimu. Huko Montana, Marekani, moto wa nyika ulipounguza majani ya uwanja wa vita vya Little Bighorn mwaka 1983, wanaakiolojia Richard Fox na Douglas Scott waliwatumia wenye ditekta kuupekua uwanja huo kwa mistari iliyopimwa. Kila risasi na ganda lake viliwekewa alama mahali pake kabla ya kuinuliwa, na mwendo wa vita vya mwaka 1876 ukasomeka upya. Uingereza nayo ilitunga sheria ya hazina mwaka 1996, na tangu mwaka 1997 ina mpango wa kuandikisha vitu vinavyopatikana na raia. Vilivyoandikishwa vimepita milioni moja.

Lakini mifano hiyo miwili inathibitisha hoja ya makala haya badala ya kuipinga. Kilichofaulu Montana ni upimaji. Chombo kilikuwa mtumishi wake. Kilichofaulu Uingereza ni kuwapo kwa maofisa wanaopokea taarifa na kuandika mahali kila kitu kilipotoka. Kukiruhusu chombo kwanza na kusubiri waandikishaji baadaye ni kumfungulia ng'ombe shamba kabla ya kujenga uzio.

Kinachowezekana kufanywa

Kazi ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Kila kijiji cha Mbulu na Hanang' kinaweza kuandika orodha ya maji yake ya kale: jina la kisima kwa Kiiraqw au Kidatoga, aliyekichimba kama anakumbukwa, ukoo unaokitunza, miezi ambayo hukauka, na vitu ambavyo wachungaji wamewahi kuviona hapo. Walimu wa shule za sekondari wanaweza kuwatuma wanafunzi kwa babu na bibi zao. Wazee wanaojua majina hayo hawataishi milele, na orodha hiyo ina faida mbili, kwa mhandisi wa maji na kwa mwanahistoria.

Kazi ya pili ni kumfundisha kila mwananchi mwenendo mmoja rahisi. Aonaye kitu cha kale akiache kilipo, apige picha, aweke alama ya mahali, kisha aupe habari uongozi wa kijiji ili zifikishwe kwa wahusika wa mambo ya kale. Kitu kikiwa hatarini kuchukuliwa na maji, kiinuliwe pamoja na maelezo ya mahali na kina chake, wala kisisuguliwe wala kuoshwa.

Kazi ya tatu ni ya taasisi. Vijana wenye ditekta wana macho makali, subira na miguu isiyochoka; sifa hizo ndizo zinazotakiwa katika upimaji wa ardhi. Vyuo vikuu na Makumbusho ya Taifa vikija kupima kandokando ya Basotu au katika nyanda za juu za Mbulu, viwaajiri vijana hao kwa ujira, chini ya leseni na kwa idhini ya wenye visima, waanze na mashamba yaliyokwisha kulimwa na makorongo yaliyokwisha kufumuliwa na mafuriko, ambako matabaka yamekwisha kuvurugika na chombo kinaweza kuokoa bila kuharibu. Macho ya chemchemi, makaburi na matanuri ya kale yaachwe kwanza.

Kijana atakayelipwa kwa kuonyesha mahali kitu kilipo atakuwa na sababu ya kukiacha mahali pake. Asiyelipwa kwa chochote ila uzito wa metali atachimba. Uchaguzi huo hauko mikononi mwa kijana peke yake. Uko mikononi mwa wale wenye uwezo wa kuamua kama maarifa yatafika kisimani kabla ya jembe.